Kilo Kumi na Tano za Mama Philomène

Mimi nilikuwa mpimaji wa mizigo kwenye hanga, ghala la mizigo la stesheni ya Albertville, mji huu huu tunaouita leo Kalemie, na nasema mapema ili mtu asinikatize: sijawahi kukosea kilo. Magunia ya mahindi ya Nyunzu, samaki wa Zongwe, masanduku ya masista, vyote vilipita kwenye mizani yangu na kila kimoja kiliondoka na karatasi yenye namba ya kweli. Nilikosea mara moja tu, mwaka wa 1963, na hata siku hiyo sikukosea kilo. Nilikosea sheria. Kosa langu lilitaka kumwangukia Mama Philomène, mjane wa Omer, ambaye ndiye mtu wa mwisho duniani ningetaka kumdhuru.

Kwa hiyo nieleze kwanza alikuwa nani, maana watu kama yeye hawaandikwi.

Tulipakana ukuta katika kambi ya reli. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, mpole wa kusema, akicheka anaziba mdomo. Kazi yake ilikuwa kushona pindo za mashuka ya hospitali katika chumba cha ushonaji cha masista, na aliifanya miaka mingi bila kuomba hata siku moja ya mapumziko. Mumewe Omer alikuwa mfunga breki wa treni za mizigo. Mfunga breki hukaa behewa la mwisho kabisa, peke yake na taa yake, na labda ndiyo sababu wengi wao walijifunza gitaa. Omer alipiga gitaa kavu, lile lisilo na umeme, yeye na mwenzake Fidèle, na Jumapili wakikaa kwenye ngazi ya nyumba kambi nzima ilichelewa kula. Mwaka wa 1959 Fidèle alihamishiwa Elisabethville, kusini. Mwaka wa 1961 Omer akafa kwa homa, katika zile wiki za vita ambazo dawa haikuwako na hata daktari alikuwa hajulikani yuko wapi.

Zile wiki nazikumbuka vizuri kuliko ninavyotaka. Treni zilisimama, mshahara ukasimama, soko likafungwa. Philomène alikuwa amemzika mume juzi. Alikuwa na mihogo mikavu chini ya kitanda, akaitwanga, akapika bukari, ugali wetu, katika chungu kimoja, akagonga ukuta wetu. Kisha akagonga na ukuta wa pili. Safu yetu nzima ya nyumba ilikula kwake mpaka mihogo ikaisha, na ilipoisha akaenda Lubuye kwa miguu kutafuta mingine. Bunduki zikilia aliwaita watoto wa safu wote chini ya meza yake, akawaimbia wimbo ambao Omer alimtungia siku ya ndoa, mpaka wakalala. Mimi, mpimaji, nilipokea sahani kwake kila siku na sikuwahi kujua ilikuwa na uzito gani. Macho yangu yalikuwa chini kwa haya na kwa shukrani.

Sasa, vita ilipopoa, mwaka wa 1963, ikamjia barua kutoka biro, ofisi kuu ya reli. Aliileta kwangu niisome, kwa kuwa Kifaransa cha biro kilimchosha. Ilisema kwamba mjane wa mfanyakazi ana haki ya safari moja ya bure kwenda anakotaka na kurudi. Na kwa kuwa madaraja ya kuelekea kusini yalikuwa bado yanatengenezwa, atakayechagua Elisabethville atapewa nafasi katika ndege ndogo iliyokuwa ikipeleka barua na watu wa reli. Kwenda Ijumaa, kurudi Jumanne. Mizigo kilo kumi na tano.

Nilimwangalia. Mwanamke huyu hakuwahi kupanda hata boti ya kwenda Kigoma.

"Utaenda, Mama Philomène?"

Akakunja barua mara nne. "Nitaenda. Nasahau ile wimbo ya Omer."

Mke wangu Hortense, aliyekuwa akichambua mboga mlangoni, akaacha kisu.

"Kwanza ilinitoka mwisho yake," akasema Philomène. "Nikasema si kitu, itarudi. Sasa katikati nayo inaenda. Nikikaa kwa mashine ya kushona natafuta, napata tu pale mwanzo. Fidèle njo anaijua yote. Alipiga na Omer siku ya ndoa. Kama sikwendi sasa, Papa Michel, nitabaki na mwanzo tu."

Alikuwa pia na barua ya Fidèle, iliyofika kwa mkono wa askari mmoja. Fidèle aliandika kwamba nyumba yake iliungua na gitaa lake ndani, kwamba sasa anaazima la watu, na kwamba redio ya kule ilimpa nusu saa Jumapili saa tisa mchana, nusu saa ya kupiga na gitaa la kuazima ambalo mwenyewe analitaka saa kumi. Na pale nyumbani kwa Philomène gitaa la Omer lilining'inia ukutani, kimya, likisubiri mtu wa kuligusa. Hesabu haikuhitaji mpimaji. Gitaa liende kusini, Fidèle alipige, Philomène ausikie wimbo wote, na abaki nao.

Mji ule wa kusini, kwa muziki, tulikuwa tukiuonea wivu. Watu waliotoka huko walisimulia kwamba kila kona ina mpiga gitaa, kwamba katika komini ya Kenya, mtaa mmoja wa mji ule, kuna kumbi ambazo watu wanacheza Jumamosi mchana kana kwamba kesho imefutwa, na kwamba hata mafundi wa migodi wakitoka kazini huoga, huvaa tai, na kwenda kusikiliza kabla ya kula. Basi safari ya Philomène ikawa safari yetu sote. Kila jioni wanawake wa safu walikaa kwake kupanga. Ijumaa kufika na kupumzika. Jumamosi ngoma ya mchana. Jumapili misa na redio. Jumatatu kutazama maduka. Mmoja alisema aweke pamba masikioni, mwingine akasema anuse limau ndege ikipanda, mwingine, ambaye hajawahi kuona ndege kwa karibu, akamwonya asikae karibu na mlango. Emérance, jirani wa nyumba ya tatu, alimshonea blauzi yenye mikono iliyofura mabegani. Nilimwona Philomène akiijaribu mbele ya kioo cha Hortense, ameziba mdomo.

Hapo ndipo wema wetu ulipoanza kutuharibia kazi.

Kwetu mtu haendi mji wa watu mikono mitupu, na hasa mtu haendi mahali wenzake wana ndugu bila kuwabebea. Miaka mitatu hatukuwa na treni ya kusini. Kila nyumba ilikuwa na mtu kule ambaye haikujua kama anakula. Emérance alikuwa na kaka yake, Salomon. Urbain, seremala wa karakana, alikuwa na dada yake, Kapinga. Na sisi tulikuwa na Lucie.

Lucie ni binti yetu wa kwanza. Aliondoka katikati ya mwaka wa 1960 na mumewe Lambert, ana mimba ya miezi mitatu, na toka siku ile hatukupata neno. Hatukuwa na anwani. Hortense aliweka sahani yake kabatini na hakumruhusu mtu kuitumia. Usiku nilisikia anavyogeuka kitandani, na mimi niligeuka upande wangu.

Basi vifurushi vikaja. Samaki wa ziwa, mikebuka mikavu na dagaa tunaowaita ndakala, unga wa muhogo, chupa ya mawese iliyofungwa kwa tambara. Hakuna aliyekuja kumsumbua Philomène. Walikuja kumheshimu, kumpa kitu cha kuingia nacho kwa watu. Naye hakuweza kukataa hata kimoja. "Walikula kwangu," aliniambia, "na mimi nilikaa kwao wakati Omer amelala hapa chini ya shuka. Nitamwambia nani kwamba samaki yake ni mizito?"

Nilichukua kazi mikononi, kama mtu wa fani. Nilileta mizani ndogo ya hanga uani, nikapima kila kifurushi mbele ya mwenyewe, nikapunguza, nikapatanisha, nikasikia lawama zote. Nilimpunguzia Urbain samaki wanne akaninunia siku mbili. Chetu, mikebuka ambayo Hortense aliikausha kwa wiki mbili akiifukuzia nzi kwa mkono wake, kilikuwa kilo tatu kamili. Vyote pamoja vikafika kilo kumi na tano, si gramu zaidi. Philomène hakubakiwa na nafasi ya nguo zake, akasema atavaa vitenge viwili, kimoja juu ya kingine, na blauzi ya Emérance juu ya vyote.

"Na gitaa?" akauliza Hortense.

Nikacheka. Mdomo uliponza kichwa, na wangu ulikuwa wazi siku hiyo. "Gitaa ni kitu ya mukono," nikasema. "Kitu ya mukono haiko muzigo."

Lazima nieleze. Katika treni zetu kulikuwa na sheria isiyoandikwa ambayo kila mpimaji aliifuata toka enzi za wazungu: kinachokaa magotini mwa abiria hakipimwi. Kuku, mtoto, sufuria, gitaa. Nimepitisha mbuzi mdogo kwa sheria hiyo. Haikunijia akilini, hata dakika moja, kwamba angani kuna sheria nyingine. Kila mtu aliniamini kwa sababu mimi ni Michel wa mizani. Urbain, ili tupatane, akatengeneza sanduku la gitaa kwa mbao za behewa lililovunjika, mbao nene za mninga, zenye bawaba na kitasa. Lilikuwa zuri kuliko kabati la padri. Nililipima kwa kujifurahisha tu: kilo sita. Gitaa lenyewe, tatu. Nikasema, "Magotini, Mama Philomène. Utalikumbatia tu."

Ijumaa asubuhi lori la reli lilitupeleka uwanja wa ndege, watu kumi na tano kumsindikiza abiria mmoja. Ndege ilikuwa pale, ndogo, ya watu wanane. Karani wa uwanja alikuwa kijana msafi, mpole, na mbele yake ilikuwako mizani. Nilifurahi kuiona kama mtu anayekutana na ndugu ugenini. Kisha nikamwona anamwambia bwana mmoja mnene apande juu yake.

"Hii ndege njo inapima mpaka muntu?" nikauliza.

"Mpaka muntu, Papa. Na kila kitu anashika."

Akampima Philomène na vitenge vyake viwili: kilo arobaini na nane. Akapima vifurushi: kumi na tano. Akanyoosha mkono kuelekea sanduku la Urbain.

Tisa za ziada.

Nilianza kusema. Nilimweleza karani kuhusu magoti. Nilimtajia miaka yangu ya kazi. Alipotikisa kichwa nilimwonyesha yule bwana mnene, mwenye kilo tisini na tano, nikasema kwamba kwa haki ya Mungu mwanamke huyu ameacha kilo arobaini na saba chini, mpe basi tatu tu za gitaa. Bwana mnene akakasirika. Karani akasema, kwa adabu, kwamba ndege hii hairuki kwa haki, inaruka kwa kilo, na rubani ana dakika kumi. Sanduku likaachwa mara moja. Urbain mwenyewe alilifungua akalitoa gitaa. Zikabaki kilo tatu.

Tatu. Vifurushi vyote nilikuwa na namba zake kichwani, na nilijua ni kipi chenye tatu kamili. Nilijua kabla ya mtu yeyote pale. Nasema hivi kwa sababu nataka kusema kweli: nilijua, nikaendelea kubishana na karani kuhusu magoti.

Philomène aliangalia vifurushi, kisha akatuangalia sisi nyuma ya kamba, mmoja mmoja. Akalichukua gitaa la Omer, akalifuta vumbi kwa pindo la kitenge, akaja nalo kwangu.

"Unitunzie, Papa Michel. Usiiweke kwa jua."

"Na wimbo?"

"Nitaomba Fidèle aniimbie na mdomo. Hii ni samaki ya watu. Wanangojea miaka tatu."

Aliniwekea gitaa mikononi. Sikuwahi kushika kitu kizito namna ile, na hiyo ndiyo kazi yangu. Nikageuka tena kwa karani kuanza upya habari za magoti.

"Papa Lucie," akasema Hortense, "nyamaza."

Alipita chini ya kamba. Hakumwomba mtu ruhusa. Akaenda moja kwa moja kwenye vifurushi, akakitoa chetu, kile alichokishona kwa uzi mwekundu ili kisipotee, akakishika kifuani. Kisha akaja akanipokonya gitaa kwa mkono wa pili, akampelekea karani. Mizani ikasema kumi na tano.

"Mama Hortense," akasema Philomène, "hii ni ya Lucie."

"Lucie hana anwani. Hii samaki ingezunguka mji mpaka ioze." Alikuwa akiupapasa ule uzi mwekundu. "Wewe ulinipikia na kaburi ya mume haijakauka. Beba gitaa yako. Kama utamuona Lucie, mwambie mama yake ni muzima. Na baba yake ni muzima, anasumbua tu."

Philomène alimshika mikono yote miwili na wakakaa hivyo. Mimi nilitazama magurudumu ya ndege.

Kuona hivyo, wengine nao wakaja kwenye kamba na maneno yao, kwa maana samaki hasemi. Emérance akasema, mwambie Salomon cherehani yake bado naitunza, nimeipaka mafuta. Urbain akasema, mwambie Kapinga mama yetu alizikwa vizuri na watu walijaa. Kila nyumba ikasema lake, na rubani akawa amepanda. Philomène akasema pole pole, pole pole, nitachanganya. Alirudia majina, akakosea, akarudia. Ndipo nilimsikia, akipanda zile ngazi ndogo na gitaa limefungwa katika kitenge chake cha juu, akiyaweka majina yetu kwenye sauti ya wimbo wa Omer ili yasimtoke. Sauti ya mwanzo, ile peke yake iliyobaki. Lucie wa Michel wa mizani, mama yako ni muzima. Mlango ukafungwa.

Tulirudi na lori. Hortense alikaa na kifurushi mapajani. Nilitaka kumwomba radhi kwa yale magoti, lakini nilijua radhi yenyewe ilikuwa kwa jambo jingine, na nilijua anajua. Nyumbani alining'iniza mikebuka ile juu ya jiko, mahali tunapoiona kila siku. Jumamosi aliniacha nile peke yangu. Alinipikia, hata hivyo.

Jumapili saa nane na nusu safu nzima ilikuwa kwa Urbain, mwenye redio ya betri. Yeye mwenyewe alikuwa amekalia lile sanduku la mninga kama kiti, na hakuna aliyethubutu kumtania. Redio ilikwaruza, ikapotea, ikarudi. Kisha tukasikia Kiswahili cha kule, na sauti ya Fidèle, imezeeka kidogo. Akasema leo ana mgeni kutoka Albertville, mke wa rafiki yake, na kwamba gitaa hili si la kuazima.

Akaanza kupiga.

Mimi si mtu wa muziki. Lakini gitaa la Omer nililijua, maana lilinikosesha usingizi wa mchana miaka saba. Nyuzi zake za chini zilikuwa na mkwaruzo, kama mtu anayesafisha koo kabla ya kusema jambo la aibu. Watoto waliokuwa wamelala chini ya meza mwaka wa 1961 walisogea redioni wote kwa pamoja. Fidèle akaimba mwanzo, ule tuliokuwa tunaujua: treni ilisimama Kabalo, moyo wangu haukusimama. Akaimba katikati, ambako Omer anamwambia Philo asimwekee chakula, amwekee taa. Kisha akafika mwisho, ule uliotangulia kumtoka, na hakuna pale aliyewahi kuusikia, maana watoto chini ya meza walilala kabla haujafika:

*Nikichelewa usilie, Philo, hesabu mabehewa.*
*Hesabu yote yapite. Mimi niko la mwisho.*

Emérance alijifunika uso. Ndivyo Philomène alivyokuwa akimngojea Omer, miaka yote ya ndoa yao, pale kwenye kivuko cha reli: behewa baada ya behewa, mpaka la mwisho na taa yake. Wote tulikuwa tumemwona. Hakuna aliyejua kwamba ni wimbo uliomfundisha.

Gitaa halikukoma. Likarudi mwanzo, na sauti nyingine ikaingia, nyembamba, yenye hofu, sauti ya mwanamke anayeziba mdomo akicheka. Aliimba majina. Salomon, kaka ya Emérance, cherehani yako inatunzwa, ina mafuta. Kapinga, dada ya Urbain, mama alizikwa vizuri, watu walijaa. Hakumsahau mtu. Nyumba saba, alizipita moja baada ya nyingine, na kila mmoja akisikia lake aliinama kana kwamba amebarikiwa. Na mwisho, pole pole: Lucie wa Michel wa mizani, popote uko, mama yako ni muzima. Na baba yako ni muzima, anasumbua tu.

Watu walicheka na machozi yakiwatoka. Hortense alinishika mkono mbele ya wote, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Jumanne nilimwomba msimamizi ruhusa, nikaenda uwanjani na Hortense. Philomène alishuka mwisho, mikono mitupu, amevaa kitenge kimoja. Gitaa alikuwa amemwachia Fidèle, alisema, kwa sababu kule litasema kila Jumapili na huku lingenyamaza ukutani.

"Na wimbo?" nikamuuliza.

Akasimama palepale, kwenye majani ya uwanja, akaniimbia wote. Mwanzo, katikati, mwisho, bila kuziba mdomo. Karani wa mizani aliacha kazi akasikiliza.

"Jumatatu sikuona maduka," akasema alipomaliza. "Jumapili jioni, saa kumi na mbili, mlango ya Fidèle iligongwa." Akafungua pindo la kitenge, pale wanawake wetu wanapofunga vitu vidogo. "Alisikia kwa redio ya jirani. Alikuja anakimbia, kiatu moja mguuni."

Ilikuwa picha. Jumatatu waliipiga kwa mpiga picha wa komini, na Philomène alisimama pembeni akisubiri ikauke badala ya kutazama maduka. Lucie amenenepa, amekaa kwenye kiti, na magotini mwake kuna msichana wa miaka miwili aliyekunja uso kwa sababu ya jua. Nyuma Lambert ameandika kwa wino: *Hortense, jina la bibi yake.*

Mke wangu aliitazama mpaka nikaogopa. Kisha akasema kwamba mtoto ana paji langu la uso, maskini.

Jioni, hanga ilipokuwa tupu, nilimwomba Hortense aniazime picha kidogo. Nikaiweka juu ya mizani kubwa, ile ya magunia ya Nyunzu. Sindano haikusogea. Nikaitoa, nikalisafisha bamba kwa kitambaa, nikaiweka tena, kwa sababu mpimaji mzuri hupima mara mbili. Haikusogea. Nikakaa chini kando ya mizani yangu, nikalia kwa kumshukuru Mama Philomène, na mlinzi alipoingia kufunga mlango nilimwambia aniache kwanza, bado napima.